Pini ya Kifuani Husomwa Mgongoni

Muuza mitumba aliyeniuzia koti la sufu hakujua, nami sikujua mpaka nilipofika nyumbani, kwamba chini ya ukosi kulikuwa na pini ya kifuani yenye umbo la jani. Rangi yake ni ya dhahabu iliyofifishwa isimetemete, na upana wake haufiki vidole viwili. Sonara niliyempelekea aliikwaruza kidogo, akanirudishia: "Si dhahabu, dada." Kwake habari ilikwisha hapo. Lakini mgongoni, kando ya kishikizo, kuna neno TRIFARI kwa herufi ndogo kuliko punje ya mtama, taji juu ya ile T, na mwishoni alama ya ©. Kwangu habari ilianzia hapo.

Dhahabu hupigwa muhuri ili mnunuzi ajue usafi wake. Vito vya bandia havina usafi wa kuthibitisha, na kwa miaka mingi watengenezaji wake wengi hawakuona haja ya kuvitia jina. Miriam Haskell alifungua duka New York mwaka 1926, vidani vyake vya lulu za kioo vikavaliwa na wenye nazo, ila kazi zake nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1940 hazina jina popote. Atakayekuletea Haskell ya 1930 yenye jina lililopigwa vizuri, mwogope.

Maandishi mengi ya mgongoni yaliletwa na watu wa forodha. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka kila bidhaa ya kigeni iandikwe nchi ilikotoka. Wajapani wakaandika "Nippon" hadi 1921, forodha ilipolikataa neno hilo na kudai "Japan". Kisha yapo mapambo yenye maneno "Occupied Japan", yaani Japani iliyokaliwa na majeshi ya kigeni: hayo ni ya kati ya 1945 na 1952, hayana umri mwingine. Vivyo hivyo kwa Wajerumani wa Jablonec, mji wa kioo huko Bohemia. Walipofukuzwa baada ya vita walijenga Neugablonz, kitongoji cha Kaufbeuren huko Bavaria, wakaendelea na kazi ileile, na bangili zao zikaandikwa Ujerumani Magharibi. (Jablonec hiyohiyo imelisha ushanga wa Wamaasai kwa vizazi. Chembe ya ushanga haina mahali pa kuandikwa jina, nayo haijapungukiwa heshima kwa hilo.)

Turudi kwenye jani langu. Gustavo Trifari alitoka Naples akahamia New York mwanzoni mwa karne ya 20. Aliungana na Leo Krussman, halafu Carl Fishel, na herufi za majina yao matatu, TKF, ndizo zinazoonekana kwenye kazi zao za mwanzo. Mwaka 1930 akaingia Alfred Philippe, msanii aliyewahi kubuni vito vya almasi vilivyouzwa na Cartier na Van Cleef & Arpels. Huyu ndiye aliyechukua ustadi wa kupachika almasi akautumia kwenye vioo. Taji lilianza kukaa juu ya T mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930.

Vita vikaja, na kuanzia 1942 bati na metali nyingine za kazi hii zikahitajika jeshini. Watengenezaji wakakimbilia fedha halisi, wakaichovya dhahabu. Ndiyo sababu pini ya bandia ya wakati wa njaa ya metali ina neno "Sterling" mgongoni, na ni fedha kweli. Amani iliporudi Trifari walitangaza aloi yao waliyoiita Trifanium, isiyotaka kusuguliwa, na mwaka 1953 Mamie Eisenhower akavaa lulu zao za bandia kwenye dansi ya kuapishwa kwa mumewe kuwa rais wa Marekani.

Sifa huvuta wezi wa mitindo. Trifari walimshtaki mshindani, Charel, na mwaka 1955 mahakama ya New York ikakubali kwamba pambo la bandia laweza kuwa kazi ya sanaa yenye hakimiliki. Tangu hapo © ikawa haikosekani. Kwa hiyo jani langu ni la 1955 au baadaye.

Jina peke yake lisikulaze usingizi. Trifari iliuzwa kwa Hallmark mwaka 1975, ikauzwa tena na tena, na jina likaendelea kupigwa kwenye vitu ambavyo akina Philippe hawakuwahi kuviona. Chanel wamekuwa waungwana zaidi: tangu miaka ya 1990 huandika mwaka na msimu, hivi kwamba 95 A ni ya vuli ya 1995, kwa Kifaransa automne. Waghushi nao hawalali. Hufanya kalibu kwa pini ya kweli na kumimina metali mpya, lakini metali ikipoa hunywea, basi nakala hutoka ndogo kidogo, kingo zake zimelegea na jina limevimba kama limeandikwa kwa chokaa mbichi. Weka kioo cha kukuzia hapo kabla hujatoa hela.

Kuna waliokataa kusema kabisa. DeLizza & Elster wa New York waliwatengenezea wafanyabiashara wengine, na mali yao haikupigwa jina. Leo hutambuliwa kwa kazi ya mkono: bangili za vipande vitano, mawe makubwa ya rangi, na mgongo ulivyounganishwa. Baadhi ziliuzwa zikining'inia kikadi chenye neno "Juliana", na wanunuzi wengi walikikata siku ya kwanza. Basi ukikuta kwenye sanduku la bibi kipuli bado kimeshikana na karatasi yake, usiichane. Iache hapohapo.