Asili ya Majina Yetu

Leo chukueni kalamu, kila mmoja aandike jina lake juu ya karatasi. Labda wewe umeandika Sulemani, na jirani yako ameandika Solomoni. Je, hayo ni majina mawili? Sivyo. Ni jina moja lililosafiri kwa njia mbili.

Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu. Maneno yake mengi hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti tatu. Neno la Kiarabu salamu na la Kiebrania shalomu lina mzizi mmoja, nalo lina maana ya amani. Katika mzizi huo limetoka jina la mfalme Shlomo, mwana wa Daudi, na pia majina Salimu na Salama.

Basi "sh" ilikwenda wapi? Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, vitabu vya Kiebrania vilianza kufasiriwa kwa Kiyunani. Wayunani hawakuwa na sauti ya "sh", wakaandika "s" mahali pake. Hivyo Shlomo akawa Solomoni, na Shmuel akawa Samweli. Njia ya pili ni ya Kiarabu: Sulayman, ambalo sisi twasema Sulemani au Selemani.

Majina mengine ni sentensi nzima. Kwa Kiebrania "el" ni Mungu. Danieli maana yake, Mungu ni mwamuzi wangu. Ismaili, Mungu husikia. Mikaeli ni swali: nani aliye kama Mungu? Isaka, au Isihaka, ni "acheka", kwa kuwa mamaye Sara alicheka alipoahidiwa mtoto katika uzee. Kwa Kiarabu Abdallah ni mtumishi wa Mungu. Obadia wa Kiebrania ana maana hiyo hiyo. Na majina Muhammad, Ahmad, Mahmudi na Hamidi yote yatoka katika mzizi wa kusifu.

Sasa sikilizeni jambo la faida. Ikiwa cheti chako cha kuzaliwa kinasema Selemani, na hati ya shamba inasema Sulemani, karani aweza kuuliza: hawa si watu wawili? Watoto wako waweza kusumbuka juu ya urithi kwa ajili ya herufi moja tu. Selemani si kosa, wala Sulemani si kosa. Lakini chagua moja, uiandike vile vile mahali pote.

Asiyejua kusoma huweka dole gumba, na jina lake huandikwa jinsi mwingine alivyolisikia. Wewe sasa waweza kulisoma kabla ya kutia sahihi. Usiache kufanya hivyo.

Zoezi: Andika majina ya watu wa nyumbani mwako. Kisha toa vyeti vyao, uyalinganishe herufi kwa herufi.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.