Mahindi Wakati wa Ukame

Ukishuka kutoka msitu wa Mlima Kenya upande wa mashariki, ewe msomaji, utapita kwanza mashamba ya chai, kisha kahawa, halafu mahindi, na mwisho mtama na uwele wa nchi kavu ya Mbeere. Karurumo imo katika mteremko huo. Mkulima wa huko hungoja mvua mara mbili kwa mwaka: ya Machi na ya Oktoba.

Jua likiwa kali, mahindi machanga hukunja majani, na mvua irudipo husimama tena. Lakini ukame ukiyakuta katika kutoa maua, ndevu huchelewa, chavua huanguka bure, na mkulima huvuna magunzi matupu. Kwa nini mmea ule ule uvumilie leo, na kesho ushindwe?

Yafaa ujue kwamba karibu kila seli ya mmea ina urithi ule ule. Sehemu za urithi huo Wilhelm Johannsen wa Denmark aliziita jeni mwaka 1909. Walakini jeni zote hazifanyi kazi pamoja. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa, mtaalamu wa Italia, alichungua tezi za mate za inzi wadogo waliopatwa na joto kupita kiasi. Aliona kromosomu zao zimevimba mahali fulani fulani: joto lilikuwa limeziamsha jeni zilizolala.

Wataalamu waliomfuata waligundua kwamba jeni hizo hutengeneza protini za kuikinga seli, na kwamba si kila kiungo, wala kila umri, huziamsha sawasawa. Kiinitete cha inzi katika saa zake za kwanza hakiwezi. Kadhalika katika mahindi: jani huitikia joto upesi, bali chavua iliyokomaa ni dhaifu katika kazi hiyo. Udongo ukikauka, jani hufunga vitundu vyake na kuacha kukua, hali mzizi huendelea kushuka kutafuta maji.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1960, wataalamu wa kituo cha Katumani, karibu na Machakos, walikuwa wakilitatua jambo hilo kwa njia nyingine. Walichagua mahindi yanayotoa maua mapema, kabla mvua haijakatika. Udhaifu wa ua haukuondoka. Siku yake tu ndiyo iliyosogezwa mbele. Mbegu hiyo ikaenea Ukambani na katika sehemu kavu za Embu na Meru, ikaokoa mavuno mengi.

Hata hivyo, mwaka 1984 mvua ya masika ilipokosa kunyesha, njaa iliingia nchini. Mbegu ya mapema huiwahi mvua fupi. Mvua isiyokuja haiwahiwi.

Basi, msomaji, usikiapo mbegu ikisifiwa kwamba hustahimili ukame, uliza: hustahimili katika sehemu gani ya mmea, na katika umri gani? Mkulima wa Karurumo hali majani. Chakula chake hutegemea zile siku chache za maua.