"To" Moja au Mbili? Vitenzi-Jina Vilivyounganishwa na Historia ya Haki ya Kuweka na Kubeba Silaha nchini Marekani, 1780–2022

1.0 Utangulizi

Katika Kiingereza, mwandishi anayetaka kuunganisha vitenzi-jina viwili ana njia mbili. Anaweza kulirudia neno "to" mbele ya kila kitenzi, kama katika "to read and to write", au kulitaja mara moja tu, kama katika "to read and write". Vitabu vya mtindo kwa kawaida hulichukulia jambo hili kuwa la ladha na usawa wa sentensi. William Strunk, katika kitabu chake cha mwaka 1918, alitosheka kuagiza kwamba kihusishi kinachohusu orodha nzima kiwekwe ama mwanzoni mwa orodha tu ama mbele ya kila kipengele. Maana haikuwa hoja yake.

Historia ya sheria nchini Marekani inaonesha kwamba jambo hilo dogo linaweza kubeba mzigo mkubwa. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya nchi hiyo, yaliyoidhinishwa tarehe 15 Desemba 1791, yanataja haki ya watu "to keep and bear arms", yaani kuweka na kubeba silaha. Vitenzi ni viwili, "to" ni moja, kiunganishi ni kimoja. Je, hapo pana haki moja au haki mbili? Jibu la swali hilo limeathiri uhalali wa sheria za bastola katika miji mikubwa, na kwa hiyo usalama wa wakazi wake.

Insha hii inatetea hoja kwamba umbo la vitenzi-jina vilivyounganishwa halikuwa na maana moja iliyokubalika katika Kiingereza cha karne ya 18. Mahakama za baadaye ziliyapa maneno hayo maana kwa misingi mingine, kiasi kwamba katiba yenye "to" mbili ilisomwa kama yenye dhamira moja, na katiba yenye "to" moja ikasomwa kama yenye haki mbili.

2.0 Usuli wa Kisarufi

Chanzo cha hali hii ni mabadiliko ya kale ya kimofolojia. Kiingereza cha Kale kilikuwa na kitenzi-jina kisichotanguliwa na "to", chenye kiishio -an, na kingine kilichotanguliwa na "to", chenye kiishio -anne au -enne. Katika aina hii ya pili alama zilikuwa mbili, moja mbele na nyingine nyuma ya mzizi, na vitenzi viwili vilipounganishwa, kwa kawaida kila kimoja kilichukua alama zake. Katika Kiingereza cha Kati viishio hivyo vilidhoofika, kisha vikatoweka. Likabaki neno "to" peke yake. Kwa kuwa sasa lilisimama kama neno huru mbele ya mzizi usio na kiambishi, liliweza kutajwa mara moja na kutawala vitenzi viwili au zaidi.

Kufikia karne ya 18, maumbo yote mawili yalikuwa ya kawaida. Uchaguzi ulitegemea mambo kadhaa: urefu wa virai vilivyokuja kati ya vitenzi, mdundo wa sentensi, na kama vitenzi vilishirikiana yambwa moja. Vitenzi vinavyoshiriki yambwa husogeleana, na "to" ya pili huelekea kudondoshwa. Vitenzi vilivyotenganishwa na maneno mengi huhitaji "to" irudiwe ili msomaji asipotee.

Ipo pia miundo ambayo "and" haiunganishi matendo mawili kabisa. Anayesema "I will try and find it" hatangazi jaribio moja na ugunduzi mmoja, bali anasema kwamba atajaribu kutafuta. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, aliutetea muundo huo dhidi ya waliouona kuwa kosa. John Robert Ross, katika tasnifu yake ya mwaka 1967, alionesha kwamba baadhi ya miundo yenye "and" haitii kanuni za uunganishaji wa kweli. Kwa hiyo kuwapo kwa kiunganishi kati ya vitenzi-jina viwili hakuthibitishi, kwenyewe, kwamba mwandishi alikusudia mambo mawili.

3.0 Vitenzi Pacha katika Lugha ya Sheria

Lugha ya sheria ya Kiingereza imejaa vitenzi pacha. "Cease and desist" ni amri moja ya kuacha. "Aid and abet" humaanisha kushiriki katika kosa la mwingine. Katika hati za ardhi, kifungu kinachoeleza kiwango cha miliki hufunguliwa kwa "to have and to hold", tafsiri ya maneno ya Kilatini "habendum et tenendum". Mfano huu wa mwisho una uzito wa pekee, kwa sababu "to" imerudiwa ilhali tendo la kisheria ni moja. Kama kurudiwa kwa "to" kungekuwa dalili ya haki mbili, mnunuzi wa shamba angepewa haki ya kuwa nalo na haki nyingine, iliyo tofauti, ya kulishika. Hakuna mwanasheria aliyelisoma hivyo.

Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 inatoa mfano wa upande wa pili. Katika Ibara ya Kwanza, Fungu la 8, mamlaka ya Bunge yameorodheshwa kwa vitenzi-jina. Kifungu kimoja kinalipa Bunge mamlaka ya kutangaza vita, kutoa hati za kuteka meli za adui, na kuweka kanuni kuhusu mateka. Vitenzi hivyo vitatu vimetanguliwa na "To" moja tu, na bado hakuna anayedai kwamba kutangaza vita na kutoa hati ni mamlaka moja. Katika fungu hilohilo, Bunge linapewa mamlaka "To raise and support" majeshi na "To provide and maintain" jeshi la majini. Hapa vitenzi viwili vinashiriki yambwa moja, kama ilivyo katika "to keep and bear arms". Kuunda jeshi na kuligharimia ni matendo mawili, moja likitangulia jingine, lakini yamefungwa pamoja na kile yanachokihusu.

Ushahidi wa waraka wenyewe, basi, unaashiria kwamba "to" moja ni dalili ya yambwa ya pamoja na ukaribu wa vitenzi. Hauamui kama kinachotajwa ni kimoja au viwili.

4.0 Kutoka Massachusetts 1780 hadi Marekebisho ya 1791

Haki ya silaha haikuandikwa kwa namna moja katika majimbo. Tamko la Haki la Pennsylvania la mwaka 1776 lilitaja kitenzi "bear" peke yake, likisema kwamba watu wana haki ya kubeba silaha kwa ajili ya kujilinda wao wenyewe na dola. North Carolina, mwaka huohuo, nayo ilitaja kubeba tu, kwa ulinzi wa dola. Kitenzi "keep" hakikuwamo.

Massachusetts iliongeza kitenzi hicho. Ibara ya 17 ya Tamko la Haki la mwaka 1780, katika katiba ambayo rasimu yake iliandikwa kwa sehemu kubwa na John Adams, inasema kwamba watu wana haki "to keep and to bear arms" kwa ajili ya ulinzi wa pamoja. "To" imerudiwa. Katiba hiyo ilipopelekwa kwa wananchi ili waijadili, miji ya Northampton na Williamsburg ilipinga maneno ya mwisho na kutaka ulinzi wa mtu binafsi utajwe pia. Pingamizi hilo lina thamani kubwa kwa mwanahistoria. Linaonesha kwamba wasomaji wa wakati ule hawakuona kurudiwa kwa "to" kuwa kunatosha kuitenga haki ya kuweka silaha na masharti ya ulinzi wa pamoja. Walichokigombea ni kirai cha kusudi, si umbo la vitenzi.

Mwaka 1788, mkutano wa Virginia wa kuidhinisha katiba ulipendekeza maneno yenye "to" moja. James Madison alipowasilisha mapendekezo yake bungeni tarehe 8 Juni 1789, alitumia umbo hilohilo, nalo ndilo lililobaki. Yafaa kuzingatia kwamba Marekebisho ya Kwanza, yaliyoidhinishwa siku ileile, yanarudia "to" yanapotaja haki ya kukusanyika na kuwasilisha malalamiko serikalini. Hata hivyo, "assemble" na "petition" havishiriki yambwa, ilhali "keep" na "bear" vinashiriki. Tofauti hiyo ya kisintaksia inatosha kueleza uchaguzi wa umbo bila kudhani kwamba waandishi walikuwa wakihesabu haki.

5.0 Usomaji wa Mahakama

Mahakama ya Juu ya Massachusetts haikuisoma Ibara ya 17 kwa namna moja katika vipindi vyote. Mwaka 1825, katika kesi ya Blanding iliyohusu uhuru wa magazeti, ilitaja kwa kulinganisha haki ya kuweka bunduki na kusema kwamba haki hiyo haimlindi anayeitumia kudhuru wengine. Mlinganisho huo unaelekea kuidhania haki ya mtu mmoja mmoja. Lakini mwaka 1976, katika kesi ya Davis, mahakama hiyohiyo iliamua kwamba ibara hiyo inahusu ulinzi wa pamoja na haimpi mtu binafsi haki ya kumiliki silaha. "To" mbili hazikuzuia vitenzi vyote viwili kuwekwa chini ya kusudi moja.

Tarehe 26 Juni 2008, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, iliyohusu sheria ya Washington iliyopiga marufuku bastola. Majaji walitofautiana, watano kwa wanne. Jaji Antonin Scalia, akiwasemea walio wengi, alivichambua vitenzi kimoja baada ya kingine kwa kutumia kamusi, ikiwamo ya Samuel Johnson. Kwake, kuweka silaha ni kuwa nazo, na kubeba ni kuzichukua mwilini kwa ajili ya makabiliano. Jaji John Paul Stevens, katika hukumu yake ya kupinga, alisisitiza kwamba maneno hayo yanataja haki moja isiyogawanyika, inayohusu utumishi wa wanamgambo. Neno "right", alieleza, limetumiwa katika umoja. Scalia alijibu kwamba nyaraka za wakati ule zilizoea kukusanya dhamana kadhaa chini ya neno "right" katika umoja, na kwamba maneno haya si msemo wa kisheria kama "cease and desist".

Kila upande una sehemu ya ukweli wa kiisimu. Scalia yu sahihi kwamba umoja wa nomino hauthibitishi umoja wa haki. Lakini njia yake ya kuvitenga vitenzi inapuuza kwamba maana ya kirai si lazima iwe jumla ya maana za maneno yake. Dennis Baron, mmoja wa wanaisimu watatu waliowasilisha maoni yao mahakamani katika kesi hiyo, baadaye alichunguza makongoo ya matini za karne ya 17 na 18 yaliyotolewa na Chuo Kikuu cha Brigham Young mwaka 2018. Alibaini kwamba "bear arms" ilitumiwa kwa wingi mno katika muktadha wa kijeshi. Hata hivyo, ushahidi huo unahusu "bear arms". Hauelezi "keep arms", wala hauelezi kilichotokea virai hivyo viwili vilipofungwa kwa "and" moja.

Athari za usomaji wa 2008 zilidhihirika tarehe 23 Juni 2022, katika kesi ya Bruen. Kwa kuwa "bear" sasa ilihesabiwa kuwa haki inayojitegemea, mahakama iliamua kwamba inaenea nje ya nyumba, na sharti la New York la kumtaka mwombaji kibali aoneshe haja maalumu ya kubeba bastola likabatilishwa. Kitenzi kilichotenganishwa na mwenzake kikazaa kanuni yake.

6.0 Mtazamo wa Kiswahili

Ulinganisho na Kiswahili unasaidia kuliweka tatizo hili wazi. Kiswahili hakiruhusu "kuweka na beba silaha". Kiambishi ku- ni sehemu ya neno, hivyo hurudiwa katika kila kitenzi-jina, jambo linalokifanya kifanane kwa kiasi na Kiingereza cha Kale. Matokeo yake ni kwamba maneno ya Massachusetts ya 1780 na yale ya 1791 hupata tafsiri moja: haki ya kuweka na kubeba silaha. Tofauti ya umbo hupotea pasipo mfasiri kufanya kosa lolote.

Jambo hili si la nadharia tu. Tangu Tanzania iliporekebisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, wafasiri wanakutana na orodha za mamlaka na wajibu zilizoandikwa kwa vitenzi-jina vya Kiingereza. Mfasiri hawezi kutegemea idadi ya ku- kuonesha kama chombo kimepewa mamlaka moja au mbili. Panapohitajika, itabidi atumie vifungu vidogo vyenye namba au kurudia nomino: "haki ya kuweka silaha na haki ya kubeba silaha". Lakini kabla ya kufanya hivyo itampasa aamue matini asilia ilikusudia nini, na uamuzi huo haupatikani katika kuhesabu "to".

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha mambo mawili. Kwanza, uwezekano wa kutaja "to" mara moja au mara mbili ni matokeo ya kupotea kwa viishio, na katika karne ya 18 uchaguzi huo unaeleweka vyema zaidi kwa kuzingatia yambwa ya pamoja na urefu wa sentensi kuliko kwa kuhesabu haki. Pili, mahakama zilizotafuta jibu katika umbo la maneno zililikuta umbo hilo likiruhusu majibu yote mawili. Katika Davis mwaka 1976 kilichoamua ni kirai cha kusudi. Katika Heller mwaka 2008 kilichoamua ni jinsi wengi wa majaji walivyouelewa uhusiano wa mtu binafsi na wanamgambo. Sarufi ya kihistoria inaweza kumwambia jaji ni usomaji upi uliwezekana mwaka 1791. Uchaguzi kati ya yaliyowezekana unabaki kuwa wa jaji, naye ndiye anayewajibika kwa matokeo yake.