Moshi Nyumbani kwa Abu Sayf: Historia ya Uhunzi na Heshima ya Mhunzi



Sifa zote njema ni za Allah (Subhanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Masahaba wake.

Ndugu wasomaji, ukipita kati ya nyumba za hapa Base Camp wakati wa alasiri, unaweza kusikia nyundo ikigonga chuma. Nyuma ya nyumba kijana amechimba shimo dogo, ameweka mkaa, na mdogo wake anazungusha gurudumu la baiskeli lililofungwa feni ili kupuliza moto. Juu ya mkaa kuna kipande cha springi ya gari kilichonunuliwa Mbarara kwa wauza vyuma chakavu. Ikifika Maghrib, mama yake atakuwa na kisu kipya cha jikoni.

Wapo watakaomsifu. Lakini wapo pia watakaosema chini kwa chini, "Kufua chuma si kazi ya watu wenye ukoo." Na siku kijana huyo atakapopeleka posa, maneno hayo hayatasemwa tena chini kwa chini. Je, maneno hayo yametoka wapi? Ni ya dini au ni ya mila? Tuitazame historia.

Chuma katika nchi zetu

Makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, yalianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzo wa 1960. Baadaye walikuja ndugu zetu wa Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na Eritrea. Tunazungumza lugha nyingi, lakini sikilizeni jambo hili. Mnyarwanda na Mrundi husema inyundo, Mnyankole husema enyondo, Muganda husema ennyondo, na sisi kwa Kiswahili tunasema nyundo. Mnyarwanda husema icyuma, Mnyankole ekyoma, Muganda ekyuma, Mswahili chuma. Maneno haya ni ya ukoo mmoja, na yanatuonyesha kuwa kazi hii ni ya kale sana katika eneo hili.

Ukivuka mpaka kwenda Tanzania, katika mkoa wa Kagera karibu na Bukoba, kuna mahali panaitwa Katuruka. Wazee wa Kihaya walikuwa wakisimulia kuwa hapo, penye mti uitwao Kaiija, mfalme Rugomora Mahe alifanyiwa kazi kubwa ya chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee hao, akachimba palepale, akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa wameiacha kazi hiyo kwa miongo mingi walijenga tena tanuru la udongo na kuyeyusha chuma kutoka kwenye mawe. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science na wasomi wakaijadili dunia nzima. Funzo la kwanza kwa wanafunzi ni hili: msidharau simulizi za wazee wenu.

Rwanda nayo, masimulizi ya kale yanamtaja Gihanga, mwanzilishi wa ufalme, kuwa ndiye aliyewafundisha watu kufua chuma. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Francis Van Noten alifukua kaburi la mfalme Cyirima Rujugira, na ndani yake akakuta nyundo za chuma zilizowekwa upande wa kichwa. Mfalme alizikwa na chombo cha mhunzi! Na sehemu nyingi za Maziwa Makuu jembe lilikuwa miongoni mwa vitu vya mahari. Kazi ya mikono ya mhunzi ndiyo iliyofungua mlango wa ndoa.

Ukanda wa pwani nao ulijulikana kwa chuma. Mwanajiografia Mwislamu al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kuhusu chuma cha Malindi na cha Sofala, na jinsi chuma cha Sofala kilivyosafirishwa hadi India na kufuliwa panga.

Dharau nayo ina historia

Hata hivyo, si kila mahali mhunzi aliheshimiwa. Kwa Wamasai, mafundi chuma walitengwa na hawakuolewa wala kuoa nje ya kundi lao. Katika mila za Kisomali, mafundi chuma waitwao Tumaal walidharauliwa kwa vizazi vingi, na koo nyingine zilikataa kuoana nao, ingawa wote ni Waislamu, wanaswali safu moja, na visu vya nyumba zote vilitoka mikononi mwa hao hao. Hata Waarabu wa zama za Jahiliyya walifanya hivyo. Neno qayn, yaani mhunzi, lilikuwa tusi midomoni mwao.

Kisha ukaja ukoloni na majembe ya viwandani kutoka Ulaya. Matanuru ya kuyeyusha chuma yakazimika moja baada ya jingine, na wahunzi wakabaki kufua vyuma chakavu. Basi yule aliyekuwa akidharauliwa kwa ukoo sasa akadharauliwa pia kwa umaskini.

Uislamu ulisema nini?

Ndani ya Qur'ani Tukufu kuna sura nzima iitwayo al-Hadid, yaani Chuma. Katika aya ya 25 Allah anatukumbusha kuwa chuma ni neema aliyoiteremsha, ndani yake mna nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Katika Surat Saba', aya ya 10 na 11, tunasoma jinsi Allah alivyomlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma na kumwamrisha atengeneze nguo za vita kwa kipimo sahihi. Na Mtume (s.a.w.) amefundisha, kama alivyopokea Bukhari, kuwa hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mkono wake, na akamtaja Nabii Daud kuwa mfano.

Khabbab bin al-Aratt (r.a.) alikuwa mtumwa na mhunzi Makka. Al-As bin Wail, mkubwa wa Kikureshi, alikuwa na deni kwake. Khabbab alipokwenda kudai haki yake aliambiwa hatalipwa mpaka amkane Muhammad (s.a.w.). Khabbab akakataa katakata. Al-As akamfanyia kejeli kuwa atamlipa huko Akhera, atakapokuwa na mali na watoto. Aya ya 77 hadi 80 za Surat Maryam ziliteremka kuhusu tukio hilo. Mkubwa yule alikataa kulipa jasho la mhunzi, na Qur'ani ikashuka kumkemea.

Wapo wanaoitaja hadithi ya rafiki mwema na rafiki mbaya, ambamo rafiki mbaya amefananishwa na mwenye kuvukuta moto, wakadhani hapo mhunzi ametukanwa. La, ndugu zangu. Mfano ule ni wa cheche na harufu, unazungumzia marafiki, hauzungumzii ukoo wala thamani ya mtu.

Na dalili iko wazi. Mtume (s.a.w.) alipopata mtoto, Ibrahim, alimkabidhi anyonyeshwe na Umm Sayf wa Madina. Mume wake, Abu Sayf, alikuwa mhunzi, na karakana yake ilikuwa nyumbani kwake. Anas (r.a.) anasimulia, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba siku moja walikwenda wakamkuta akivukuta moto na nyumba imejaa moshi. Anas akatangulia mbio kumwambia aache kwanza, Mtume amefika. Mtume (s.a.w.) akaingia ndani, akaomba aletewe mwanawe na akamkumbatia. Ikiwa Mtume wa Allah alimweka mwanawe kipenzi katika nyumba ya mhunzi, sisi ni nani hata tukatae kuketi naye?

Kijana na kisu chake

Tukirudi kwa kijana wetu, kazi yake si ya kubahatisha. Springi ya gari ni chuma cha pua, ndiyo maana inashika makali. Anaipasha mpaka iwe nyekundu, anaifua juu ya fuawe, au kipande cha reli kama hana, kisha anaisawazisha kwa tupa. Baada ya hapo anaipasha tena mpaka sumaku isiivute, na kuitosa kwenye mafuta ili iwe ngumu. Ikiachwa hivyo itavunjika kama kioo, kwa hiyo huirudisha kwenye joto dogo mpaka chuma kilichosuguliwa kigeuke rangi ya manjano kama majani makavu. Hapo kisu kinakuwa kigumu bila kuvunjika. Subira ndiyo nusu ya kazi.

Na kisu kikali ni ibada. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutenda wema katika kila kitu, hata katika kuchinja, na akaamrisha kisu kinolewe ili mnyama asiteseke. Siku ya Idi ya kuchinja ndipo tunapoona thamani ya fundi huyu.

Wazazi, tufanye mambo matatu. Kwanza, tuwalinde watoto: macho yafunikwe, viatu vivaliwe, moto uwe mbali na maturubai na nyumba za majirani, na mabati au bomba lenye zinki lisitiwe motoni kwa kuwa moshi wake ni sumu. Pili, tumlipe fundi haki yake kabla jasho lake halijakauka, tusiwe kama al-As. Tatu, akija na posa, tumuulize kuhusu dini yake na tabia yake, tusimuulize kuhusu nyundo.

Familia inaweza kujadili usiku huu: katika ukoo wetu, nani alifua chuma, na tulimtendeaje?

Allah azibariki kazi za mikono yetu na aondoe kibri nyoyoni mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.