Kigezo, Ramani na Mchoro: Habari za Ufundi wa Kubuni katika Nchi ya Geita na Shinyanga

Katika Kiswahili mna maneno matatu yatumikayo kwa kitu akiandaacho fundi kabla ya kushika chuma: kigezo, ramani na mchoro. La kwanza latokana na kugeza, yaani kulinganisha kipimo au kuiga. La pili, kama wengi waonavyo, limetoka katika rahmani, kitabu cha manahodha wa Kiarabu, ambacho jina lake nalo lina asili ya Kiajemi. La tatu latokana na kuchora, tendo ambalo hapo kale lilikuwa zaidi la kutia nakshi katika mbao, mfano wa milango ya pwani, kabla ya kuwa kupiga mistari juu ya karatasi. Makala haya yataka kuvifuata vitu hivi vitatu mbali na pwani, kusini mwa Ziwa Victoria, maana huko kukutana kwake au kukosana kwake kumekuwa ni jambo la uhai wa watu.

Kabla ya kuja Wazungu, wayeyushaji chuma wa Uzinza na Geita walijulikana kwa jina la Warongo. Yafaa ikumbukwe kwamba Warongo hawakuwa kabila kwa maana ya kawaida, bali walikuwa zaidi chama cha kazi, watu wa asili mbalimbali waliounganishwa na tanuri. Ilikuwako kazi ya kuchimba mawe, ya kuchoma makaa, ya kufinyanga mirija ya udongo, ya kuvukuta, na baadaye ya kufua. Na majembe yaliyotoka humo yaliuzwa hata Usukuma. Mchoro hawakuwa nao, wala hawakuuhitaji: kigezo cha jembe la leo kilikuwa jembe la jana. Kila mwenye sehemu yake ya kazi alisimama karibu na moto uleule aliosimama mwenzake, hata kosa la mmoja likaonekana na wote siku ileile. Majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yalipozidi, kazi ikafifia, na maarifa yaliyokuwa katika mikono tu yakafifia pamoja nayo. Leo twabaki na mavi ya chuma katika mashamba.

Ramani ilikuja na mgodi. Dhahabu ya Geita ilitambuliwa mwaka 1898, wakati wa Wadachi, lakini mgodi mkubwa ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka 1966, nao ulichimbwa chini ya ardhi. Upande wa Shinyanga, John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, katika mwamba wenye eneo la hekta 146. Hapo kazi iligawanyika kwa namna isiyojulikana na Warongo. Mpimaji alipima kwa darubini yake, mchoraji akachora katika chumba kingine, na fundi wa karakana akapokea nakala ya karatasi ya buluu bila ya kuwaona wale wawili. Tena vipimo vyenyewe vilibadilika na bendera: Wadachi walipima kwa mita, Waingereza kwa futi na inchi, na baada ya uhuru nchi ikarudi kwenye mita. Sijui kama yupo mwanahistoria aliyeutazama ukoloni kwa kufuata rula, lakini nadhani ingefaa.

Kompyuta haikuuondoa mgawanyiko huu, kwanza iliuzidisha. Ivan Sutherland alionyesha programu yake ya kuchorea, Sketchpad, huko Massachusetts mwaka 1963, na AutoCAD ikatoka mwaka 1982. Kila kampuni iliandika michoro kwa lugha yake, na mchoro uliohamishwa ulifika umepungukiwa: mviringo ukageuka vipande vifupi vya mistari, na tundu la bolti likawa duara tupu lisilo na kina. (Mchimbaji wa Geita angecheka, kwani yeye huita shimo lake duara, na kina ndicho kimpacho kazi.) Dawa yake yatukumbusha Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili cha nchi nne: mwaka 1980 Marekani ilitolewa IGES, namna moja ya kuandika michoro ili programu zisizojuana zipate kusomana, na mwaka 1994 ikafuata kanuni ya kimataifa ya ISO 10303. Kama katika lugha, usanifishaji ulirahisisha mapatano, na lahaja hazikwisha.

Mgodi mpya wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, ulikuwa wa wazi. Shimo la wazi likiteremka mahali palipochimbwa zamani, chini yake huwamo mahandaki ya kale, na mashine nzito yaweza kutumbukia. Hapo kuunganisha programu si anasa. Ramani za zamani hazina budi kugeuzwa kutoka futi hadi mita na kuingizwa katika kompyuta. Vipimo vya matundu ya kuchorongea hujenga kielelezo cha mwamba. Programu nyingine hubuni umbo la shimo. Ya tatu hupanga malori na siku. Kosa la mita chache katika kuhamisha ramani moja halionekani katika karatasi, bali chini ya magurudumu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi nzima, ingawa sifa hupewa kielelezo chenye rangi nzuri.

Walakini muungano huo hukoma katika ua wa mgodi. Katika miji kama Katoro na Kahama mafundi wa kuchomelea hutengeneza na kukarabati karasha za kusagia mawe ya wachimbaji wadogo. Njia ya siku zote ni kulipima karasha lililokwisha fanya kazi, kukata kigezo cha bati, na kukifuatisha juu ya chuma kipya. Kigezo kikinakiliwa kwa kigezo kingine, upungufu wa kila mara hujumlishwa, na ekseli isiyokaa katikati hula beringi zake. Mchoro mmoja uliohifadhiwa ungekata urithi huo wa makosa, kwani kila karasha lingepimwa kwa asili, si kwa nakala ya nakala. Kuupata, fundi ahitaji kompyuta moja, umeme usiokatika, na programu ambayo maneno yake, kwa kawaida, ni ya Kiingereza. Naye kwa Kiswahili anayo tayari kigezo, kipimo, tundu, kina na ekseli.