Shamba Lililouzwa Bila ya Kuuzwa: Mazingatio Katika Habari za Deni



Hapana mgeni mzito mlangoni kama mdai. Akibisha hodi, baba hujificha chumbani, mtoto hufundishwa kusema uwongo, na mama huona haya mbele ya majirani. Na siku hizi mdai haji kwa miguu tu. Hupiga simu asubuhi na usiku, na wengine huwapigia hata wakwe na mashemeji wa mdaiwa ili wamfedheheshe. Tena mara nyingi deni lenyewe lina ugomvi: huyu asema elfu kumi, yule asema elfu ishirini, na kila mmoja yuko tayari kuapa.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu wa Unguja na Pemba walilionja, na wengi katika wao walipokonyokwa na mashamba kwa ajili yake. Basi natuitazame habari yao, huenda tukapata mazingatio.

Karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na katika zama za Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, mashamba yakaenea visiwa vyote viwili. Lakini mkarafuu una tabia yake. Huchukua miaka kabla ya kuzaa, na hata ukishakua, mwaka huu huzaa kwa wingi na mwaka wa pili ukazaa haba. Matumbo ya watu hayangoji msimu. Mwenye shamba alihitaji fedha za kupalilia na za wachumaji, na za harusi na matanga pia, kabla hajauza hata pishi moja. Akaenda kwa tajiri, aghalabu wa Kihindi, akakopa kwa kutegemea mavuno. Wala usidhani kuwa tajiri huyo naye alilala usingizi wa raha. Wengi wao walikuwa wamekopa kwa matajiri waliowazidi, nao wakidaiwa vile vile.

Kisha misiba ikafuatana. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1897 utumwa ukaondolewa nguvu ya sheria, na dhulma ile ikaanza kuondoka. Lakini wenye mashamba waliozoea kazi isiyo na ujira hawakuwa na akiba ya kulipa wafanyakazi, wakazidi kukopa. Na miaka ya mwanzo ya 1930, biashara ya dunia ilipoharibika, bei ya karafuu ikaanguka, na deni likabaki pale pale.

Sasa ndugu msomaji, nisikilize vizuri, kwani hapa ndipo penye somo.

Muislamu anajua kuwa riba ni haramu. Basi watu wa pwani, kama ndugu zao wa Omani, walitumia sana mapatano yaliyoitwa bei ya khiyari. Tuseme mtu anahitaji reale 100. Haandiki kuwa amekopa. Anaandika kuwa amemuuzia fulani shamba lake kwa reale 100, ila ana khiyari ya kulirudisha akileta fedha hizo katika muda waliouafiki. Kisha yeye yule muuzaji analikodi shamba lake mwenyewe, analipa kodi kila mwaka, na anaendelea kukaa humo na kuchuma. Kwa jina ni uuzaji na ukodishaji. Kwa hakika yake, tajiri ametoa 100, anapokea ziada kila mwaka, na 100 yake iko palepale.

Wanazuoni wa Kiibadhi na wa Kishafi waliijadili sana bei ya namna hii. Wapo walioikubali kwa sababu ya haja za watu, na wapo walioikataa wakisema kuwa lengo lake ni faida juu ya fedha, na kubadilisha jina hakubadilishi kitu. Mimi sikukusudia kuhukumu baina yao. Nataka uone yaliyotokea baadaye.

Miaka ikipita, waliofunga mapatano wakifa, ugomvi hufufuka. Watoto wa mkopaji husema, "Baba aliweka rehani tu." Mwenye hati husema, "Baba yenu aliuza, na hii hapa sahihi yake." Hati inasema uuzaji, desturi inasema rehani. Wakaja majaji wa Kiingereza, nao wakaelekea kuyahesabu mapatano hayo kuwa ni rehani, kwa sheria yao isiyojali riba. Basi jambo moja likawa na majina matatu, na mjane aliyekaa ukumbini hakujua shamba ni la nani.

Ilipofika 1933, serikali ya Unguja iliwaweka maofisa wawili, Bartlett na Last, kuchunguza madeni ya wakulima. Mwaka 1934 zikatolewa amri: madai yakasimamishwa kwa muda, na ikakatazwa ardhi ya Mwarabu au Mwafrika kuhamishiwa mtu asiyekuwa wa makundi hayo bila ya idhini ya serikali. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wameonewa. Amri nyingine juu ya biashara ya karafuu zilipofuata, ugomvi ukavuka bahari, na katika 1937 na 1938 karafuu za Unguja zikasusiwa huko Bara Hindi, hata serikali ikalazimika kutafuta suluhu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo ya ardhi yakabadilika kabisa, na hati zile hazikuwa na kazi tena.

Tazama basi. Jambo lililoanza baina ya watu wawili juu ya fedha za kupalilia, kwa kuwa halikuandikwa kama lilivyo, liliishia kuwa uadui baina ya jamii na jamii. Nasi tuna mithali yetu tangu zamani: mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Lakini habari hii yatuzidishia: hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa daftari lenyewe halisemi kweli.

Na dini yetu ilikwisha kutuonya. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni juu ya deni. Humo Mwenyezi Mungu ameamrisha deni la muda liandikwe kwa uadilifu, na kwamba mwenye kusema ili mwandishi aandike ni yule mdaiwa, wala asipunguze kitu. Zingatia hekima hiyo! Anayebebeshwa mzigo ndiye anayeutaja uzito wake, si kutiliwa mbele karatasi asiyoielewa. Na kabla yake, katika aya ya 280, mdai ameamrishwa kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki, na akimsamehe ni bora zaidi.

Na katika sira ya Mtume wetu (S.A.W.) yako mafunzo mawili makubwa. La kwanza, alikuja mtu kumdai ngamia, akadai kwa ukali hata Masahaba wakataka kumtia adabu. Mtume akawazuia, akawaeleza kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema. Kisha akaamrisha alipwe, na alipokosekana ngamia wa umri ule, akampa aliye bora zaidi. La pili, Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad msikitini, sauti zikapanda mpaka Mtume akazisikia nyumbani kwake. Akatoka, akamwashiria Kaab apunguze nusu. Kaab akakubali papo hapo. Ndipo Mtume akamgeukia mdaiwa, akamwamuru asimame akalipe. Hakumwambia mdai apunguze halafu akamwacha mdaiwa aende zake.

Basi ewe ndugu unayedaiwa, usijifiche. Mtoke mdai wako kwa salamu, umwambie hali yako. Ikiwa mna ugomvi wa hesabu, mtake aandike: asili ya deni ni ngapi, umelipa ngapi na lini, na hicho kilichozidi kimetoka wapi. Kile unachokijua kuwa ni haki yake, kikubali na uanze kukilipa, hata kidogo kidogo. Usikifanye kile kinachobishaniwa kuwa kisingizio cha kula kisichobishaniwa. Wala usitie sahihi karatasi mpya kwa hofu au haya ili upate usiku mmoja wa raha. Wazee wetu walifanya hivyo, na wajukuu wakatoka shambani. Mkishindwana, nendeni kwa kadhi au hakimu. Kanuni ya fiqhi yajulikana: mwenye kudai ndiye wa kuleta ushahidi, na anayekana ndiye wa kuapa. Lakini ogopa kiapo cha uwongo, kwani kinakuokoa mbele ya hakimu wa duniani tu.

Nawe unayedai, haki yako ni ya fedha, si ya heshima ya mtu. Kumpigia mkwe wa mdaiwa, kulitangaza jina lake, au kumtisha, si katika haki hiyo. Hata sheria za dunia zimeliona hili: huko Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 juu ya wakopeshaji wa kwenye simu ziliwakataza kutisha watu na kuwapigia jamaa wa mdaiwa ili kumuaibisha. Ikiwa sheria ya kibinadamu imefika hapo, Muislamu ataonaje haya kuwa nyuma yake?

Na sote, tuandike madeni yetu katika wasia. Mirathi haigawiwi mpaka deni lilipwe, na Mtume (S.A.W.) akiletewa jeneza alikuwa akiuliza kwanza kama maiti anadaiwa. Usimwachie mkeo na wanao karatasi yenye majina matatu. Waite leo, uwaambie: nadaiwa na fulani kiasi hiki, namdai fulani kiasi hiki, na huu ndio ukweli wake.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu, utuondolee uzito wa madeni na ukali wa wadai, na utujaalie tuwe wenye kulipa vyema na kudai vyema. Amin.