Trekta Dogo la Kijivu

Msomaji, kama ukijaliwa kufika mashambani mwa Uingereza au Ireland Jumapili moja ya majira ya joto, huenda ukakutana na msafara wa ajabu. Kwanza utasikia ngurumo toka mbali; kisha katika barabara nyembamba litatokea trekta moja, na nyuma yake la pili, na la tatu, hata ishirini au thelathini, yamefuatana kama siafu. Hayavuti kitu wala hayaendi kulima. Wenyewe ni watu wa vyama vya kutunza matrekta ya kale, nao siku hiyo wametoka kutembea. Watasimama njiani wanywe chai, wafunuliane injini, na kubishana kwa furaha juu ya plagi na oili. Na aghalabu fedha walizochanga hupelekwa kwa wagonjwa au maskini.

Katika msafara kama huo ni nadra kulikosa trekta moja dogo la rangi ya kijivu. Hilo ndilo Ferguson TE20, lililotengenezwa mjini Coventry toka mwaka 1946 hata 1956, nayo yalitoka zaidi ya 500,000. Wako wanaomcheka mtu mzima ashindaye akisugua chuma kikuukuu. Mimi simcheki, na nitakueleza sababu.

Harry Ferguson alizaliwa mwaka 1884 katika shamba la baba yake, kaskazini ya Ireland. Kazi ya shamba hakuipenda. Alipenda mashine, na mwaka 1909 aliruka angani katika eropleni aliyoiunda mwenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilipoleta upungufu wa chakula, serikali ilimpa kazi mwaka 1917 ya kuyaangalia matrekta yaliyokuwa yakilima huko Ireland. Hapo ndipo alipoyaona maovu yake. Yalikuwa mazito, nayo yalikokota plau kwa mnyororo, kama wakokotavyo ng'ombe. Sasa fikiri: plau ikikwama katika jiwe au kisiki, nguvu ya injini itakwenda wapi? Magurudumu makubwa ya nyuma hayawezi kusonga mbele; basi pua ya trekta huinuka juu, na kufumba na kufumbua limepinduka chali, dereva yu chini yake. Watu walikufa kifo hicho.

Ferguson alihangaika miaka mingi hata akapata dawa. Aliacha mnyororo, akaifunga plau kwa mikono mitatu ya chuma, miwili chini na mmoja juu, ikawa plau na trekta ni kitu kimoja. Plau inapovutwa, ule mkono wa juu husukuma mbele, ukaikandamiza pua ya trekta isipate kuinuka. Tena pampu ya mafuta iliyomo ndani huinua na kushusha plau. Na plau ikigonga jiwe, uzito huondoka katika magurudumu ya nyuma, yakabaki kuzunguka bure. Tazama trekta lo lote katika wilaya yenu leo: mikono hiyo mitatu utaiona.

Mwaka 1938 Ferguson alimwonyesha Henry Ford kazi yake huko Marekani, nao wakapatana kwa kupeana mkono tu, bila hati. Mjukuu wa Ford aliposhika kampuni aliyavunja mapatano. Wakashtakiana, hata mwaka 1952 Ferguson akalipwa dola 9,250,000. (Mwanafunzi mwenye nia ya kufanya biashara na asilisahau jambo hili.) Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada, na huko ndiko lilikotoka jina la Massey Ferguson, ambalo wakulima wa Kenya wanalijua sana.

Lakini lililolidumisha trekta hili si mikono mitatu peke yake. Ferguson alitaka mkulima aweze kulihudumia mwenyewe. Lilikuja na spana moja iliyofaa nati nyingi za kazi ya kila siku; spana hiyo ilichorwa inchi, ikawa rula ya kurekebishia plau, na tena ilitumbukizwa katika tangi kupimia mafuta.

Linganisha na yaliyotokea kwa jirani zetu wakati ule ule. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga Tanganyika, kwanza huko Kongwa, ikitamani ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa mabaki ya vita, yamekwisha kuchoka, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Mizizi ya vichaka iliyavunja. Vipuri vilikosekana, karakana hazikutosha, mafundi walikuwa wachache. Kabla mwaka haujaisha mengi yalikuwa yamelala porini. Mvua haba na udongo mgumu vikatimiza msiba, na mwaka 1951 mpango ukaachwa.

Basi kazi hasa ya vyama vile haifanyiki barabarani. Hufanyika bandani, wakati wa baridi. Trekta lililolala miaka mingi, pistoni zake hushikwa na kutu. Mwenye pupa hulivuta kwa gari liwake, akavunja kitu. Mwenye subira hutoa plagi, humimina mafuta mepesi juu ya pistoni, akangoja siku kadhaa, kisha huizungusha injini kwa mkono polepole. Huitazama oili ya gia: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na kwa kuwa pampu ya kuinulia plau hutumia oili iyo hiyo, nayo imo hatarini. Kama ni trekta la mafuta ya taa, huliwasha kwa petroli, wala habadilishi mpaka injini ipate moto. Akifanya haraka, mafuta yasiyoungua huteremka kandoni mwa pistoni, yakaizimua oili, na injini hujila yenyewe. Kitabu chaweza kukuambia ungoje. Lakini sauti ya injini iliyokwisha kupata moto hufunzwa na mtu, na watu hao wanakwisha.

Ndiyo maana bandani utamkuta kijana na mzee. Kijana husukuma mkono wa gia mpaka kwenye herufi S, mahali pekee ambapo injini hukubali kuwashwa, ili trekta lisije likaruka. Injini hukohoa mara moja, mara mbili, moshi wa buluu hutoka, kisha huanza kunguruma. Kijana hupeleka mkono kwenye bomba la mafuta ya taa. Na mzee, aliyeinamisha sikio, humwashiria kwa kidole: bado.